Kompyuta ya Chumbani kwa Mama Mkwe

Chumba cha kulala cha mama mkwe wangu nilikiingia mara moja tu maishani, na nilichokifuata huko ni kompyuta.

Kwetu Mikinduri, Meru, kama ilivyo kwa wakwe zangu Kianjokoma, Embu, mwanamume haingii chumba anacholala mama wa mke wake. Hakuna aliyeketi kunifundisha. Nilikua nikimwona baba yangu akisimama nje ya nyumba ya bibi mzaa mama, kofia mkononi, mpaka aonyeshwe pa kukaa, na hata akishakaa alizungumza akitazama pembeni. Sisi Wameru huita nthoni, Waembu huita thoni. Ni heshima na ni haya, na sijui neno moja la Kiswahili linalobeba yote mawili. Nilipooa Embu watu walitutania sana kuhusu tofauti zetu, lakini kwa jambo hilo tulikuwa kitu kimoja.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mwenye shamba la chai chini kidogo ya soko. Katika miaka ile ya mwisho ya tisini ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshamharibu nyuma ya macho. Aliona pembeni, ila kitu alichokitazama moja kwa moja kilikuwa na doa katikati, na doa lile lilikuwa likipanuka. Daktari wa macho hakumficha. Alimwambia kama kuna kazi ya kusoma na kuandika anayotaka kuifanya, asiahirishe.

Kazi hiyo ilikuwepo. Alikuwa msichana wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, familia yao ilipohamishwa kutoka kwenye mashamba na kutiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki na vijiti vyenye ncha. Watoto wake walijua hivyo na hawakujua zaidi. Kila walipomuuliza alianza vizuri, akafika mahali fulani, akanyamaza, akaenda kuangalia ng'ombe. Siku moja alimwambia mke wangu waziwazi.

“Kuna mambo ya kijiji kile siwezi kuyasema kwa mdomo. Nikiyasema mbele yenu sitaweza tena kuwatazama. Lakini nikiyaandika, mtayasoma mimi nikiwa siko hapo.”

Mke wangu alijitolea kuandika huku mama akisimulia. Akakataa. Dada mmoja wa kanisani akaleta redio ya kurekodi kaseti. Akakataa vilevile, maana sauti ni mdomo. Alijaribu kwa kalamu nene ya rangi nyuma ya kalenda za zamani, lakini baada ya ukurasa mmoja hakuweza kusoma alichoandika, na mwalimu hawezi kuandika asichoweza kukisahihisha. Ilibidi aandike mwenyewe, asome mwenyewe, na awe amemaliza kabla ya doa lile kufunika kila kitu. Vinginevyo maneno yale yangeenda naye kaburini.

Mdogo wa kiume wa mke wangu, shemeji yangu, alikuwa karani Nairobi. Ofisi yao ilipobadilisha mashine alipata kompyuta moja ya zamani, akaileta nyumbani. Ikawekwa chumbani kwa mama, kwenye meza ndogo kando ya dirisha, kwa sababu wezi wangeiona sebuleni na kwa sababu alitaka kuandika mlango ukiwa umefungwa. Mimi nilikuwa fundi wa taipureta mjini Meru. Taipureta zilikuwa zikipungua, nami nilikuwa nimejifunza kompyuta polepole kutoka kwenye vitabu na kwenye mashine zilizokufa ambazo watu waliniachia. Nilitafuta programu ya kukuza herufi, ile inayofanya neno moja lijaze upana wa skrini. Nikampa shemeji diski, nikamwandikia hatua za kuiingiza.

Programu iliingia vizuri. Tatizo likawa mwendo. Prosesa ya mashine ile, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote, ilikuwa ya megahezi ishirini na tano. Kwa barua za ofisi ilitosha. Lakini herufi zikikuzwa kiasi kile, kila ukigusa kitufe skrini nzima lazima ichorwe upya, na prosesa ile ilichora kama mtu anayepaka ukuta kwa brashi ya viatu. Mama alibonyeza herufi, hakuona kitu, akabonyeza tena. Zikaja mbili. Akafuta moja, haikufutika, akafuta tena, ikapotea na neno la nyuma. Mtu anayeona vizuri angesubiri. Yeye hakujua kama kinachochelewa ni mashine au ni macho yake, na mke wangu aliniambia kwamba hilo ndilo lililomtoa machozi.

Nilikuwa na mashine nyingine iliyoungua ubao wake mkuu lakini prosesa yake ikabaki nzima. Hiyo ilikuwa ya megahezi sitini na sita, ya ukoo uleule, yenye pini zilezile na inayokula umeme uleule. Nilisoma maelezo ya ubao wa kompyuta ya Mama mpaka nikaridhika kwamba ingekubalika. Tukaenda Kianjokoma, mimi na mke wangu, Jumamosi asubuhi.

Shemeji alikuwa amefika kutoka Nairobi. Aliitoa kompyuta chumbani akiwa ameikumbatia, akaiweka juu ya meza ya sebuleni.

“Daktari, mgonjwa huyu hapa,” akasema. “Hajala tangu jana.”

“Amechomolewa stima?”

“Nimesema hajala.”

Mama mkwe aliketi kwenye kiti cha pembeni karibu na mlango wa jikoni, uso ameuelekeza nje. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukikaa. Alipotaka kuniambia jambo alimwambia binti yake, nami nilijibu kwa njia hiyohiyo, ijapokuwa tulisikiana vizuri.

“Mwambie huyo Mmeru,” akasema, “hiyo si miraa ya kwao. Asije akaifunga kwa majani ya mgomba.”

“Mwambie Mama itafungwa kwa skrubu,” nikasema.

“Aa. Wameendelea.”

Mke wangu alicheka mpaka akaweka chini birika la chai.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Nilinawa mikono, nikaikausha, nikafungua kifuniko, nikashika chuma cha sanduku kwanza ili umeme ulio mwilini mwangu uishie hapo na usirukie kwenye vipande. Kando ya soketi ya prosesa kulikuwa na mkono mdogo wa chuma. Ukiuinua, soketi inaachia pini zote kwa pamoja, na prosesa inatoka bila kulazimishwa. Nilitoa ya zamani, nikatafuta kona yenye alama kwenye ile mpya, nikailinganisha na kona yenye alama kwenye soketi, nikaiweka. Ikizama kwa uzito wake wenyewe umeiweka sawa, ikikataa usiisukume. Ilizama. Nikateremsha ule mkono. Kisha nikahamisha vile vifuniko vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini kwenye ubao, ili ubao nao ujue kwamba mwendo umebadilika.

Tofauti moja ilikuwa ya kuonekana kwa macho. Prosesa ya zamani haikuwa na kitu chochote juu yake. Mpya ilifanya kazi zaidi, kwa hiyo ilipata joto zaidi, na juu yake ilibeba kipande cha alumini chenye mapezi na feni ndogo. Nilipaka grisi nyeupe kidogo kati ya kipande hicho na prosesa, nikakibana, nikaunganisha waya wa feni.

Tuliiwasha. Feni ikazunguka. Shemeji akaleta kiti, mama akaongozwa na binti yake mpaka mbele ya skrini, nami nikasogea kwenye ukuta wa mbali. Akabonyeza herufi moja. Ikatokea pale pale, kubwa kama kiganja. Akabonyeza nyingine. Akaandika neno zima, akalifuta, akaliandika tena. Kisha akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

“Sasa inanisubiri,” akasema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

Tuliiacha ikifanya kazi pale sebuleni tukila githeri na kunywa chai, na hata baada ya chakula mama alirudi akaandika kidogo. Haikusita hata mara moja. Shemeji akairudisha chumbani, sisi tukarudi Meru kabla jua halijazama, kwa kuwa haifai kulala kwa wakwe bila sababu.

Haukupita muda mrefu shemeji akanipigia simu kwenye duka la jirani. Mashine ilikuwa ikisimama. Mama anaandika vizuri, halafu skrini inaganda, hakuna kitufe kinachosikia. Ukiizima na kuiacha ipumzike, inafufuka. Kisha inaganda tena.

“Na alichoandika?” nikauliza.

“Kinapotea chote ambacho hakijahifadhiwa.”

“Umemwonyesha namna ya kuhifadhi kila baada ya muda?”

“Nimemwonyesha. Lakini shemeji, akishaanza mahali pale anapoandika sasa, hasimami.”

Baadaye mke wangu alizungumza na mama yake, akarudi ameinamisha kichwa. Ukurasa mmoja ulikuwa umepotea mara mbili. Mama alisema ameuandika mara ya kwanza kwa shida, mara ya pili kwa shida zaidi, na kwamba hana mara ya tatu. Alikuwa hajaiwasha mashine tena.

Tukarudi Kianjokoma. Shemeji akaitoa tena, nikaifungua pale sebuleni. Niliangalia soketi, vile vifuniko vya plastiki, waya wa feni, vipande vya kumbukumbu, kila kiungo. Niliitoa prosesa nikaiweka upya. Niliiwasha, nikaweka programu ya kuihangaisha kwa hesabu, ikafanya kazi tangu asubuhi hadi chakula cha mchana bila kosa. Mashine ilikuwa nzima. Ikarudishwa chumbani. Kabla vikombe havijaoshwa, ikaganda.

Nikafikiri ni umeme. Soketi ya ukuta ya chumbani huenda ilikuwa imelegea. Shemeji akavuta waya wa nyongeza kutoka sebuleni mpaka chumbani. Ikaganda vilevile.

Basi nikawa nauliza maswali nikiwa kwenye ujia, uso nimeuelekeza ukutani kwenye kalenda ya kanisa, na mke wangu akiwa mlangoni akibeba maneno.

“Muulize shemeji, iko karibu na jiko au taa?”

“Hapana,” akajibu shemeji kutoka ndani.

“Nyuma yake imegusa ukuta?”

“Kuna nafasi ya mkono.”

“Feni inazunguka?”

“Naisikia.”

“Kuna kitu chochote tofauti na ilivyokuwa sebuleni? Chochote.”

“Hakuna, shemeji. Iko mezani kama kawaida, imetandikwa vizuri.”

Neno hilo lilinipita. Lingempita mtu yeyote wa nyumba zetu.

Nilifika mahali ambapo fundi mwangalifu hurudi nyuma. Nilimwambia mke wangu kwamba ninaweza kurudisha prosesa ya zamani. Ingekuwa polepole kama awali, lakini isingeganda. Alijua maana yake. Sote tulijua kwamba kwa mwendo ule mama asingemaliza, kwa sababu macho hayakuwa yamesimama kungoja. Alikuwa ameshakuza herufi mara mbili tangu tuanze.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka chumbani.

“Mwambie aingie.”

Mke wangu akageuka. “Mama?”

“Nimesema aingie aione kwa macho yake. Kitanda changu mimi mwenyewe sikioni vizuri. Yeye akikiona atakuwa ametushinda sote.”

Hakuna aliyecheka. Shemeji alitoka akanipita bila kuniangalia. Mke wangu aliingia, nikamsikia akifunga kamba kutoka kwenye msumari wa dirisha hadi kwenye kabati na kutundika leso mbili kubwa, ili upande wa kitanda ufichike. Mama alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kusimama uani chini ya dirisha. Kisha mke wangu akaniita.

Niliingia nikitazama sakafu, nikaiona miguu ya meza, nikainua macho taratibu.

Mashine ilikuwa imevikwa kitambaa. Hakuna sebule katika nchi yetu ambayo viti vyake havina vitambaa vya kufuma, na meza, na redio, na televisheni kwa wenye nayo, kwa hiyo mtu huviona bila kuviona. Lakini hiki kilikuwa kipya, cheupe, cha uzi mnene wa sufu, kimefumwa karibukaribu bila matundu, na kilikuwa kimepimwa. Kilifunika juu, kikateremka pande zote mbili, na nyuma kikafika hadi mezani. Kila tundu la hewa la sanduku lile lilikuwa chini yake. Niliingiza mkono nyuma. Joto lilikuwa kama la chungu kilichotoka mekoni. Feni ilikuwa inazunguka kweli, ikizungusha hewa ileile ya moto.

Prosesa ya zamani ingeweza kuvaa blanketi na isiathirike. Hii haikuweza. Na asubuhi ile shemeji alipoitoa kuileta sebuleni alikivua kitambaa kwanza, akakikunja kwa adabu na kukiweka kando, ili mafuta ya fundi yasikichafue. Kwa hiyo mimi sikuwahi kukiona, na wao hawakuona kama ni kitu cha kutajwa.

“Hiki kimefumwa na nani?” nikamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini.

Jibu lilitoka nje ya dirisha. “Ni mimi. Kwa vidole. Kufuma hakutaki macho. Niliona si vizuri kitu ulichonitengenezea kikae bila kitambaa.”

Nilikuwa na maelezo ya joto na mapezi ya alumini, yote sahihi, na hakuna hata moja lililofaa kutolewa wakati ule. Nikamwambia mke wangu, “Ni kizuri sana. Lakini kinaizuia hewa. Ndiyo maana inazimia.”

“Kwa hivyo inataka kukaa uchi.”

“Inataka kupumua, Mama.”

Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomjibu moja kwa moja bila kumpitishia mtu. Nilitambua nilipokwisha kusema. Naye nadhani alitambua, kwa sababu alicheka kwa pua, cheko fupi la mwalimu aliyemkamata mwanafunzi.

“Uchi mbele ya mkwe,” akasema. “Kivueni. Kiwekwe juu ya hicho kibodi nikimaliza kuandika. Hicho hakipumui?”

“Hicho hakipumui.”

Skrini ilikuwa bado imeganda kwenye maandishi aliyokuwa akiyajaribu Mama. Kwa ukubwa ule yalienea maneno matatu tu. Niliyaona kabla sijaweza kutoyaona. Nilinyoosha mkono nikaizima, nikatoka, na maneno hayo sijawahi kumwambia mtu.

Baada ya hapo haikuganda tena. Ukurasa uliopotea aliuandika mara ya tatu. Mke wangu alikuwa akienda kila alipopata nafasi, si kusoma, kuhakikisha tu kwamba kazi imehifadhiwa na kutoa nakala kwenye diski. Alirudi akinieleza ukubwa wa herufi. Mwanzoni maneno matatu kwa skrini, kisha mawili, kisha moja. Mwishoni neno refu halikuenea, mama akaliandika nusu akilishika kichwani mpaka nusu ya pili. Kisha akatuma ujumbe kwamba amemaliza, na kwamba mashine ya kuchapa ipelekwe.

Niliibeba kutoka Meru printa yangu ya sindano, ile inayochapa kwa kugonga utepe wa wino. Mke wangu aliiunganisha chumbani, kwa kuwa nilikuwa nimeshamfundisha, akafunga mlango. Mama mkwe na mimi tulibaki sebuleni, yeye kwenye kiti chake karibu na jikoni, mimi upande wa pili. Ikaanza. Printa ya aina ile husikika nyumba nzima. Mstari mrefu una mlio mrefu, mstari mfupi una mlio mfupi, aya mpya ina pumziko. Tulisikiliza hivyo tu. Kulikuwa na mahali ambapo mistari ilikuwa mirefu na mfululizo, bila pumziko hata moja. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, na nikajua kwamba alijua tulipofika.

Halafu ikanyamaza.

“Imekwama?” akauliza, akinielekea.

“Hapana, Mama. Imemaliza.”

“Mbona hatoki?”

Nilitega sikio. Nikasikia karatasi ikigeuzwa, kisha kimya, kisha nyingine.

“Anasoma.”

Aliinuka mara moja. “Basi mimi sitakiwi kuwa hapa,” akasema. “Nilisema nisiwepo.” Akapapasa ukuta akitafuta mlango, akaukosa, akagonga meza kwa nyonga.

Mbali na mke wangu kule chumbani, hakukuwa na mtu mwingine nyumbani. Singeweza kumshika mkono, naye asingekubali. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa dirishani. Niliichukua, nikashika ncha moja, nikamnyooshea nyingine mpaka ikamgusa kiganja. Akaishika. Nikatangulia, yeye akafuata, fimbo imenyooka kati yetu, tukateremka ngazi, tukapita zizi, tukaenda hadi pale chai inapoanzia.

Tukasimama. Nilikuwa nimempa mgongo kidogo, kama inavyostahili. Upepo ulikuwa unatoka mlimani na kulikuwa na baridi.

“Ni nyingi?” akauliza.

Nilielewa kwamba anauliza juu ya karatasi. “Si chache, Mama.”

“Atachukua muda, basi.”

“Atachukua.”

“Tutangoja,” akasema, na hakuiachia fimbo.